Maua ya Darini

Tabea aliamka kila asubuhi akisikiliza. Kabla hajafumbua macho alikuwa amekwisha kujua kama ndama anapumua vizuri, kama bati lililolegea upande wa choo limetulia mahali pake, na kama mama mkwe wake, bibi Telesia, amekohoa kile kikohozi cha siku zote au kingine kipya. Akiridhika ndipo anapofumbua macho na kuuona ukungu dirishani, mweupe, mzito, umeegemea kioo kama mgeni anayesita kubisha hodi.

Mumewe Efraimu alipasua mbao huko Mufindi na alirudi nyumbani kwa nadra. Watoto wao, Ema na wadogo zake, walikuwa wametawanyika, kila mmoja na mji wake, na Tabea aliwaogopea wote kwa zamu. Majirani pale kijijini Yakobi walimtania kwamba hata kuku wake hawathubutu kutaga mpaka yeye ahakikishe hakuna mwewe angani. Hakubisha. Shule aliishia darasa la saba, na alichokikosa huko alikifidia kwa macho: watu walipozungumza yeye alitazama mikono yao.

Riziki yake ilikuwa viazi na masweta. Alifuma masweta ya shule kwa sindano mbili za chuma, akikaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko ili apate mwanga kwa mbele na joto kwa nyuma. Lakini baridi ya Njombe ilikuwa imeingia vidoleni mwake siku nyingi na haikutaka kutoka. Kipupwe kikifika ilimbidi avipashe moto kwenye kikombe cha chai, kimoja kimoja, kama anayeamsha watoto wazito.

Jirani yake Hyasinta alikuwa na mashine ya kufumia. Ilikaa mezani, ndefu, imejaa vindoano vidogo kama meno ya samaki, na ukisukuma mkono wake kwenda na kurudi, krrr, krrr, sweta linashuka lenyewe chini ya meza kama mvua. Tabea alikuwa akienda kuomba chumvi ambayo hakuihitaji, ili tu aisikie. Sasa Hyasinta alikuwa anahamia Songea kwa binti yake.

"Mashine siibebi," alisema. "Nakupa nafasi ya kwanza, mama Ema, kwa sababu umeimaliza kwa macho. Lakini Pasaka ikinikuta nayo, kuna mwanamke mjini ana hela yake mkononi."

"Pasaka ya mwaka huu?"

"Hapana, ya Yesu akirudi! Mwaka huu, mama."

Tabea alirudi nyumbani akiwa na chumvi kiganjani, na hakuwa na fedha ya mashine hata ya meno yake mawili.

Ni bibi Telesia aliyetaja vitabu. Mumewe, marehemu mzee Yonathani, alikuwa ameviacha darini jikoni, juu ya moto, kule kunakoning'inizwa mahindi ya mbegu ili moshi uyalinde na wadudu. Vilikuwa vimefungwa katika ngozi ya mbuzi. Mzee alikuwa mwinjilisti, mtu wa maneno machache, na alipokuwa hai hakuna aliyethubutu kupanda ngazi kwenda huko.

"Ni vyangu sasa," alisema bibi Telesia. "Nakupa wewe. Uza, ununue hiyo mashine, nimechoka kusikia vidole vyako vikilia kila asubuhi."

Alisema hivyo siku ileile alipopita mnunuzi wa vyuma chakavu na baiskeli yake. Yule mtu alitazama vitabu vilivyoteremshwa, akapuliza masizi, akafungua kimoja kikubwa, halafu akakifunga upesi mno.

"Karatasi tu, mama. Nitakupa beseni jipya kwa vyote."

Beseni lilikuwa la kijani, zuri. Tabea akamtazama mikono. Mkono mmoja ulinyoosha beseni, na mwingine ulikuwa bado umekaa juu ya kile kitabu kikubwa, umekishika kama anayeshika kichwa cha mtoto asikimbie.

"Leo siuzi," alisema Tabea.

"Mabeseni mawili."

"Sasa ndiyo siuzi kabisa."

Yule mtu alipoondoka, Tabea alikaa na kukifungua kile kitabu polepole. Kilikuwa cha maua. Kila ua lilikuwa na ukurasa wake, na juu ya kila ukurasa kulikuwa na karatasi nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Uliifunua, na ua likatokea taratibu kama linatoka katika ukungu: la zambarau lenye madoa, la njano lenye mdomo wazi, jingine jeupe lililosimama peke yake kwenye nyasi. Maandishi yalikuwa ya Kijerumani. Mwanzoni, mtu alikuwa ameandika mistari michache kwa wino wa bluu na kutia sahihi.

"Huyo ndiye yule mama Mzungu," alisema bibi Telesia. "Alikuja kule juu Kitulo kuchora maua. Baba yenu ndiye aliyembebea sanduku la karatasi mlimani, kijana mwenye miguu kama korongo. Mimi nilikuwa naye shambani... hapana, sikuwa naye. Nilikuwa nachimba mizizi, nikamwona." Akatabasamu peke yake. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini alipapasa ukurasa kwa ncha ya kidole. "Hili ni la njano?"

"La njano, Mama."

"Tulikuwa tunalila. Mzizi wake unatwangwa, unapikwa, unakaa kama nyama. Yule mama alipiga kelele alipotuona tunatafuna ua alilokuwa hajamaliza kulichora."

Tangu siku ile maua yalimwingia Tabea kichwani. Akipalilia viazi, ukungu ukishuka mpaka asione mwisho wa tuta, aliyaona yakifunuka mbele ya jembe lake, moja baada ya jingine, na nyuma ya kila ua alisikia krrr, krrr. Lakini atauzaje kitu asichokijua? Mtu akiuza asichokijua, mnunuzi ndiye anayemjulisha, tena akiwa njiani anaondoka.

Aliambiwa kwamba Makambako, karibu na stendi, kuna mtu anaitwa Obed anayeuza vitabu vilivyotumika na anajua vya zamani. Tabea akajiandaa. Kitabu cha maua alikuwa amekirudisha darini na hakukichukua, akiogopa wezi, mvua, na kusahau kwenye gari. Alichukua Biblia kubwa ya zamani iliyokuwa pamoja nacho, kwa sababu ndiyo iliyokuwa nzito kuliko vyote, na akili yake ilimwambia kwamba chenye uzito ndicho chenye thamani.

Obed alikuwa mtu mnene mwenye koti la mvua, ameketi kati ya marundo ya vitabu kama mtu aliyejengewa ukuta. Upepo wa Makambako ulimfunulia kurasa bila kumwomba ruhusa. Aliipokea Biblia kwa heshima, akatazama mwanzo wake, akamrudishia.

"Isome, mama. Ni nzuri sana kusoma."

"Thamani yake?"

"Ndiyo hiyo. Hizi zilichapwa kama mahindi, kila nyumba ya Mlutheri inayo. Uzee peke yake si thamani. Gunzi likikaa miaka mia moja linabaki gunzi."

Tabea aliikumbatia Biblia, akaona aibu kwa niaba yake. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna kingine, cha maua.

"Kiko wapi?"

"Nyumbani."

"Kimechapwa mwaka gani?"

"Sikutazama."

"Kina picha ngapi? Zote zipo? Jalada ni lake au la kubandika? Kimetoboka?"

"Ni kikubwa," alisema Tabea, akaonyesha kwa mikono.

Obed akamtazama kwa huruma. "Mama yangu, umekuja mnadani, ng'ombe umemwacha zizini, umeniletea mlio wake."

Hata hivyo hakumfukuza. Alimkalisha juu ya rundo la vitabu vya hesabu, akamweleza, na Tabea akasikiliza kwa macho na masikio. Kitabu kilichochapwa nakala chache na kikapendwa na wengi ndicho kinachopanda bei. Mkono wa mwenye kukitunga, ukiwa umeandika ndani, unaongeza. Karatasi iliyopotea inapunguza, doa linapunguza, harufu mbaya inapunguza. Na kubwa kuliko yote, usisikilize bei anayotaka muuzaji.

"Muuzaji anaota tu," alisema Obed. "Mimi naweza kuandika kwenye mtandao kwamba kiatu changu hiki ni cha bei ya gari. Wewe uliza, cha mwisho kama hiki kiliuzwa kwa kiasi gani, na kilikuwa katika hali gani. Niletee picha: mbele, nyuma, ukurasa wa mwaka, na sahihi."

Tabea hakuwa na simu ya picha. Hyasinta alikuwa nayo, lakini alisema simu yake haitembei bila yeye, kwa hiyo Hyasinta mwenyewe ndiye aliyepiga picha darini, akipiga chafya kwa moshi, na wiki iliyofuata wakaenda Makambako wote wawili, wakiwa wamevaa kama wa harusi.

Obed aliangalia zile picha, akaacha utani. Akavaa miwani. Akapekua kwenye simu yake muda mrefu huku Hyasinta akimnong'oneza Tabea kwamba mtu mnene akinyamaza kuna jambo. Mwisho akawaonyesha. Kitabu kama hicho kilikuwa kimeuzwa Ulaya, safi, kwa bei ambayo Hyasinta alipoisikia alikaa chini.

"Mama Ema, utanunua mashine na mimi mwenyewe ndani yake!"

"Ngoja," alisema Obed. "Hicho kilikuwa safi. Tazama hiki, hakina jalada, kimelowa. Bei imeanguka kama jiwe." Akasogeza kidole. Ikatokea picha ya ukuta mweupe wa nyumba ya watu wasiojulikana, na katikati ya ukuta lile ua la njano, peke yake, ndani ya fremu nyeusi, na chini yake bei iliyolipwa.

Tabea akashtuka kana kwamba amemwona ndugu yake katika umati. "Hilo limefikaje huko?"

"Limekatwa. Kitabu kikiharibika wapo wanaokichinja, wanauza nyama vipandevipande." Obed akaipitisha picha. "Chako hakitafika huko. Namjua mtu, Bwana Mika wa Dar, anapita hapa akienda Mbeya. Ni mpenzi wa vitabu vya mimea."

Akampigia palepale. Sauti ya Bwana Mika ilikuwa laini, ya mtu aliyezoea maktaba. Wakazungumza bei, naye angekuja Yakobi mwenyewe kabla ya Pasaka. Alisema jambo moja, akalirudia: mama asikifute, asikigundishe, asikihamishe. Mahali kilipokaa miaka yote hiyo pamekitunza, basi kiachwe hapohapo.

Tabea aliitikia ndiyo. Na ndiyo yake ilikuwa ya kweli mpaka alipofika nyumbani.

Maana Hyasinta alikuwa na mdomo. Kufikia Jumapili, kanisani watu walimsalimu Tabea kwa namna mpya, "Kamwene, mama wa maua," na wengine walimuuliza kama bado anakula viazi. Akaanza kuhesabu hatari. Jiko lina moto. Jiko halina kufuli. Panya wapo. Wezi wapo, na sasa wanajua. Kisha mgeni atakuja na shati jeupe, na yeye Tabea ampe kitu cheusi kwa masizi, kinachonuka moshi kama samaki mkavu? Mtoto anapopelekwa kubatizwa huogeshwa kwanza.

"Kile kimezoea moshi," alisema bibi Telesia alipomwona amepanda ngazi. "Kiache."

"Mama, wageni wanakuja."

Alichemsha maji. Alilowesha kitambaa laini, akakikamua, akafuta jalada, akafuta pembe za kurasa, polepole, kwa upendo, akifuata mgongo wa kitabu kama anavyofuata mgongo wa mtoto kwa sabuni. Masizi yalitoka, rangi ya kahawia ikaonekana, na herufi za dhahabu zikang'aa. Alifurahi mpaka akaimba. Halafu akakitia kwenye mfuko wa nailoni, akautia mfuko huo ndani ya mwingine, akafunga kwa mpira wa baiskeli asiingie hata sisimizi, akakilaza ndani ya sanduku la bati chini ya mablanketi. Akafunga kufuli. Sanduku likaenda uvunguni mwa kitanda chake.

Mvua ya masika ilinyesha wiki zile bila kuchoka. Ukungu ulishinda mlangoni, njia zikawa uji, mipichi na misindano ikadondosha maji hata pale mvua ilipopumzika. Na Tabea, ambaye miaka mingi hakuwa amelala usingizi kamili, alilala. Alilala juu ya maua. Ndotoni alikuwa Kitulo, mahali asipowahi kufika ijapokuwa si mbali, akitembea kwenye majani marefu, na kila ua alilogusa lilifumuka likawa uzi, zambarau, njano, nyeupe, nao uzi ukaenda wenyewe kwenye mashine isiyokuwa na mtu. Aliamka mwepesi. Alimwambia Hyasinta asiuze, asithubutu, siku ni chache.

Bwana Mika alikuja kwa pikipiki, gari lake akiwa ameliacha barabara ya lami kwa sababu ya tope. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye shati jeupe kweli. Alimwamkia bibi Telesia, "Shikamoo bibi," akakaribishwa jikoni penye joto, akaomba maji ya kunawa, akafuta mikono mpaka kati ya vidole. Tabea akaipenda ile mikono. Akaleta sanduku.

Alipofungua mfuko wa pili, harufu ilitoka kabla ya kitabu. Ilikuwa harufu ya viazi vilivyosahaulika shimoni. Jalada lilikuwa limevimba na kupinda, na juu ya herufi za dhahabu palikuwa pameota manyoya mepesi ya kijivu. Bwana Mika alikisogeza kwenye mwanga. Alijaribu kufunua ua la kwanza. Ile karatasi nyembamba ilikuwa imeshikamana nalo, na ilipoinuka iliinuka na zambarau yote.

"Mlikiloweka?" aliuliza kwa upole.

"Nilikifuta," alisema Tabea. "Kwa kitambaa. Nikakifunga kisipate baridi."

Tabea alijisikia kama yuko chini ya maji. Aliona midomo ya bibi Telesia ikisogea, akaona chai ikitoa mvuke, na mvuke ule ukawa ukungu, na ndani ya ukungu mashine ya Hyasinta ikawa inaondoka, inaondoka, inapanda lori la Songea.

Bwana Mika alifunua kitabu chote mpaka mwisho. Kisha akapumua.

"Mama, pole sana. Kwa hali hii siwezi ile bei tuliyozungumza. Hakuna maktaba itakayokigusa. Nitakichukua hivyo hivyo, kwa ajili ya kumbukumbu, nikupe ya sukari na sabuni. Sitaki upoteze kabisa."

Alisema vizuri, na pengine alimaanisha. Lakini Tabea hata akizama hakuacha kutazama mikono. Kidole gumba cha Bwana Mika kilikuwa kimerudi katikati ya kitabu, pale ambapo maji hayakufika, na kilikuwa kinapita kwenye kurasa safi, moja, moja, moja, kama mtu anayehesabu mbuzi wa jirani.

"Na maua yakikatwa?" aliuliza.

Kidole kikasimama. "Nani amekuambia habari ya kukata?"

"Nimeliona Makambako, kwenye simu. La njano. Lipo ukutani kwa mtu, lina fremu nyeusi."

"Mimi kazi yangu ni vitabu, mama. Kuchinja sipendi."

"Hupendi, au hukutaka nijue?"

Bibi Telesia akacheka, cheko la meno machache. "Mjibu, mwanangu. Huyu ukimnyima jibu atakutazama mpaka usahau jina lako."

Bwana Mika akacheka naye, akakitoa kidole kitabuni. "Vyote viwili, bibi. Yaliyo safi yapo, hapo katikati. Yakiuzwa moja moja yana wenyewe." Akataja bei ya ua moja. Tabea akamtajia ile aliyoiona kwa Obed, ambayo watu walilipa kweli, na wakakutana mahali fulani kati ya hizo mbili. Kwa maua yote safi pamoja, ilifika. Ilifika bei ya mashine, na uzi wa kuanzia.

Lakini ilipofika, Tabea hakuweza kusema ndiyo. Kukiharibu kwa kutojua kulikuwa kitu kimoja. Sasa alikuwa anajua. Akamgeukia mama mkwe wake.

"Mama, ni kitabu cha Baba. Sema wewe."

Bibi Telesia alinyoosha mikono, akapewa kitabu mapajani. "Nitajie yaliyo mazima."

Tabea akafunua na kueleza: hili ni la waridi, limeinama, hili ni jekundu, la mashina mafupi, hili ni la bluu, dogo kama jicho la kifaranga. Kwa kila moja bibi Telesia alilitaja jina kwa Kikinga, lugha ya kwao, akasema lilikootea, kwenye kijito gani, kwenye mteremko upi, na nani aliyekuwa hai wakati huo. Bwana Mika alisahau chai yake. Nje ukungu ulikuwa umefika mlangoni na kuingia kidogo, ukakutana na moshi, na kwa muda ule haikujulikana kama wako Yakobi au kule juu.

Walipofika kwenye ua jeupe lililosimama peke yake, bibi Telesia aliufunika ukurasa kwa kiganja.

"Hapa ndipo alipoteleza. Baba yenu. Na sanduku la yule mama kichwani! Alianguka na miguu yake yote, karatasi zikaruka kama njiwa. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Akaniambia, badala ya kucheka, okota. Nikaokota." Akapapasa pembe ya kitabu. "Sisi tulipokuwa tunachimba mizizi, ukikuta kundi humalizi. Unachimba, unaacha moja, unafukia shimo kwa kisigino. Asiyefukia tulimsema mpaka kwao. Kateni. Lakini msimalize. Hili linabaki."

Bwana Mika akakuna kidevu. "Bibi, hilo ndilo safi kuliko yote. Bila hilo hesabu haifiki."

Tabea alijua ni kweli. Alijua pia ukubwa wa pengo: uzi wote, na kipande cha mashine. Alitazama mikono ya mama mkwe wake juu ya ukurasa, halafu akafungua mwanzo wa kitabu, kwenye wino wa bluu, ambao maji yake hayakuufikia.

"Na sahihi yake yule mama? Obed alisema mkono wa mwenye kitabu unaongeza."

Bwana Mika akainama karibu. Hakuficha safari hii. "Inaongeza," alisema. "Hesabu inafika."

Tabea akamsomea bibi Telesia yaliyoandikwa pale, akitamka Kijerumani kama anayetembea gizani, na katikati yake likajitokeza jina moja walilolijua, Yonathani. Akasita. "Mama, jina la Baba lipo humu."

"Na sisi tunalo," alisema bibi Telesia. "Mchukue huyo mama na wino wake. Sisi tulimjua kwa uso."

Bwana Mika akatoa kisu chembamba mfukoni, lakini Tabea alikuwa amekwisha kuona uzi. Kitabu kilikuwa kimeshonwa.

"Si kingefumuliwa tu?"

"Ndiyo inavyopaswa. Ila ni kazi ya saa nyingi, mama, nami nina safari."

"Basi kunywa chai."

Alikaa kwenye kigoda chake, mwanga mbele na joto nyuma. Alitafuta fundo, akalipata, akalilegeza kwa ncha ya sindano yake ya kufumia. Uzi ulikuwa wa kitani, mgumu, wa mtu aliyekufa zamani, na ulitoka tundu kwa tundu bila kukatika. Vidole viliuma, akaviacha viume. Kurasa zilijitenga zenyewe, nzima mpaka ukingoni, na kila ua lilipotoka bibi Telesia aliuliza ni lipi, akaambiwa, akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesimama mlangoni akiwaaga wageni. Walipomaliza, ua jeupe lilikuwa mapajani mwake, na Bwana Mika alifunga yake kwenye kitambaa kikavu bila kuulizwa, akalipa, akatoka kwa mguu akisukuma pikipiki kwenye tope.

Kesho yake Tabea alikwenda kwa Hyasinta na fedha kifuani. Hyasinta alizihesabu, akazihesabu tena, akamsifu Mungu, akamlaumu Tabea kwa kumchelewesha. Kisha wakaibeba mashine wawili, kila mmoja upande wake, wamefunika na kitenge isinyeshewe, wakashuka njia ya mashambani ambako ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba kila mmoja alimwona mwenzake nusu tu.

Katikati ya mteremko Hyasinta akaomba wapumzike. Wakaiweka juu ya jiwe.

"Habari imeenea," alisema akihema. "Kwamba ulikiosha. Kwamba kingekuwa kizima ungejenga nyumba."

"Ni kweli."

"Na hukulia?"

Tabea alifunua pembe ya kitenge, akatazama vile vindoano vimejipanga, vimelowa umande, akavifuta kwa kanga, kisha akakumbuka, akaacha kufuta, akafunika.

"Nitalia nikifika," alisema. "Sasa shika upande wako, Hyasinta, na usiteleze."